Bonge la Kungu

Matema, Jumapili alasiri

Subilaga mwanangu,

Sikuulizi u hali gani. Hali yako nimeiona tangu asubuhi: umenuna, mdomo umeuvuta mpaka mtu angeweza kutundika kikombe. Mimi mzima, ila roho imenichafuka, na sababu iko hapa mezani, karibu kabisa na mkono ninaoandikia. Ni bonge la kungu la bibi yako. Limefungwa kwenye jani la mgomba, juu yake mfuko wa nailoni, na bado linanuka. Linanuka samaki, linanuka tope, linanuka na kitu kingine ambacho tangu niolewe kijiji hiki sijakipatia jina.

Wewe umekwenda ziwani kuoga na kuagana na wenzako. Nimeona niandike, maana ukiwa mbele yangu nitafoka, nikifoka utanuna zaidi, na kesho alfajiri baba yako atakupeleka Kyela kwenye basi mimi na wewe tukiwa hatujasema neno la maana. Mambo ya sanduku siyasemi. Ndoo unayo, mashuka unayo, na kama mpaka leo hujui kufua soksi zako basi tumeshindwa wote wawili. Nataka kusema juu ya bonge hili, na juu ya vidole vyako viwili.

Bibi yako alikuja baada ya ibada. Ametoka kwake kule mwisho wa ufuko, chini ya mlima, kwa miguu yake ile mibovu. "Ugonile," akasema mlangoni, utadhani ndiyo kwanza kunakucha, na jua lilishapanda. Akafungua pindo la kanga, akatoa bonge. "Mjukuu wangu, hiki cha njiani. Huko kwenye mabweni wanawalisha maharage tu, watoto wanakonda." Na wewe ukanyoosha mkono. Ukalishika kwa kidole gumba na cha shahada, ukageuza uso, ukasema, "Mama, toa huu uchafu kwenye nguo zangu." Hata hukumwambia yeye. Uliniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo pale.

Alijifunga kanga yake upya, akasema "Haya," akatoka. Baba yako alimfuata mpaka kwenye kijito. Amerudi anasema mama yake kesho hatakuja kukuaga, miguu inamuuma. Miguu! Ile ile iliyomleta leo na kumrudisha.

Nilitaka kukuzaba kibao, Subilaga. Mkono ulikwisha kuinuka. Kilichouzuia ni vile vidole viwili, maana nilivitambua. Ni vyangu.

Unajua mimi ni mtu wa juu, wa Tukuyu. Kwetu ni baridi, ndizi, maziwa, chai, na nzi wawili watatu wenye adabu zao. Ziwa nililiona mara ya kwanza nilipoletwa hapa bibi arusi. Siku ya tatu au ya nne nimesimama uani nikaona moshi katikati ya maji, nguzo nyeusi imesimama mpaka mawinguni. Nikapiga yowe: "Jamani, boti inaungua! Watu wanakufa!" Nikakimbia mpaka ufukweni bila viatu. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo walinitazama, wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akakaa majini. "Mwali, hiyo ni kungu," wakaniambia. "Ngoja ije."

Ikaja, Mungu wangu. Upepo ulipogeuka ule moshi ulitushukia, na haukuwa moshi. Ilikuwa ni wadudu. Vijidudu vidogo kuliko mbu, laini, vingi mpaka huoni mkono wako. Vikaniingia kwenye nywele, masikioni, puani. Nilipofungua mdomo kulia vikaingia mdomoni. Ptuu! Hata sasa ninapoandika nimetema mate dirishani. Na katika giza lile la wadudu nikamwona mama mkwe wangu anakimbia, anacheka, kikapu mkononi, anakipunga huku na huku hewani na kukung'uta kwenye chungu. Jioni alivichemsha, akavikamua kwa viganja, akavikanda, akaweka bonge juu ya paa likauke. Kesho yake akaniwekea kwenye ugali. Nilitapika mbele ya wakwe. Bibi arusi, na kanga mpya.

Tangu siku ile sijala. Alinipikia samaki, mara mbasa, mara usipa, hakunilazimisha hata mara moja. Lakini kila alipolileta bonge nililipokea kwa vidole viwili, nikageuza uso, nikalipitisha kwa baba yako. Nilidhani hakuna anayeona. Mtoto aliye mgongoni anaona kila kitu.

Halafu unakumbuka darasa la tano. Nafundisha sayansi, mada ni maada. Nimeandika ubaoni: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Mmeimba wote kama kwaya. Nikaandika: maada imeundwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mkaimba na hilo. Nikachora viduara, vya yabisi vimebanana, vya kimiminika vimelegea, vya gesi vimetawanyika. Nikauliza nani ameelewa. Mikono yote juu. Nikauliza nani aeleze. Mikono yote chini, na nje mbuzi anajikunia kwenye ukuta wa darasa.

Ndipo wewe ukasema, bila hata kunyoosha mkono, "Mwalimu, kwani si kama kungu?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimeikimbia kungu nyumbani, sasa inanifuata mpaka shuleni. Lakini ulisimama ukaeleza. Ikiwa mbali juu ya ziwa unaona kitu kimoja, moshi, kumbe ni kimoja kimoja, kila kimoja kinakwenda kivyake, na kati yao kuna nafasi. Bibi akiikung'uta kutoka kikapuni inamiminika, inajaa chungu kwa umbo la chungu. Akiikamua na kuikanda inabanana, inakuwa bonge, unaweza kulirusha likavunja kichwa cha mtu. "Ni kungu zile zile," ukasema. "Kilichobadilika ni jinsi zilivyokaribiana." Darasa zima likasema aaah. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuisikia ile aaah tena.

Nilikurekebisha, na narudia hapa usije ukaniaibisha huko sekondari: kungu mmoja si chembe. Kungu mmoja mwenyewe ni lundo la chembe ambalo usingelihesabu mpaka ukazeeka. Na chembe hazina mabawa, wala hazina pa kwenda. Ni mfano tu. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba gesi ni wadudu.

Kipindi kilichofuata nikaleta bonge lenyewe darasani. Hapo ndipo nilipoharibu. Nililibeba kwenye karatasi, nikalinyanyua kwa vidole viwili, pua nimeikunja, na nikasema, "Haya, tazameni huu uchafu wenu." Mkacheka wote. Watoto wa pwani ya ziwa hili, wote mmelelewa na kitu kile, mnajicheka wenyewe kwa sababu mwalimu amekunja pua. Yule binti wa mfinyanzi aliyekaa karibu nawe hakucheka. Alitazama chini. Wewe ulikuwa dawati la mbele, na siku ile ulijifunza mambo mawili: la chembe na la vidole. La kwanza nililitolea alama. La pili hakuna aliyelisahihisha, mpaka leo asubuhi.

Sasa nikuambie jambo kuhusu harufu, maana najua utasema, "Lakini Mama, linanuka!" Ndiyo linanuka. Linanuka vibaya sana, na nimekaa nalo hapa tangu saa nane mpaka kichwa kinaniuma. Lakini harufu ni nini? Si upepo mtupu. Ni chembe za kitu chenyewe zimechomoka, zimetawanyika hewani, zimefika. Ukisikia harufu ya kitu, kidogo chake kimeshakuingia puani. Nilipolifikiria hilo leo nilitaka kuokota kitambaa nijizibe, kisha nikaona upuuzi. Nazuia nini? Miaka yote hii nimekaa nyumba moja na mabonge yale, nimejidai sijawahi kuonja, kumbe yananiingia kila siku yanapoanikwa. Kinyaa changu kilikuwa kinafika kimechelewa.

Na kinyaa hicho chenyewe, hebu kitie kwenye mizani. Kina uzito gani? Kinachukua nafasi kiasi gani? Hakuna. Kinyaa si maada, Subilaga. Kwenye bonge hili nikilichambua mpaka mwisho nitakuta kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, vitu vile vile vilivyomo kwenye mbasa na kwenye mchele wa Makwale unaoupenda. Sitakuta uchafu humo. Uchafu tumeuleta sisi, mimi na wewe, usoni.

Unataka kinyaa cha kweli? Twende kwenye sanduku lako. Sikulichokonoa, uliliacha wazi. Umepanga biskuti zile alizokuletea baba yako kutoka mpakani Kasumulu, pakiti zinang'aa, zimekaa juu kabisa ili wenzako bwenini wazione. Miaka hii ya ruksa kila kitu kinavuka. Zamani maduka yalikuwa matupu, rafu zimeachiwa buibui. Sasa yamejaa mpaka barazani, na nusu ya vilivyojaa sijui ni nini. Nilionja biskuti moja. Ilinuka sabuni. Zimesafirishwa gunia moja na sabuni za kufulia, chembe za sabuni zimehamia kwenye biskuti, basi. Na wewe jana nilikuona unazila, unalamba vidole, unasema, "Tamu, Mama!" Povu tupu! Umekula sabuni ukashukuru, ukapewa chakula cha bibi yako ukakiita uchafu. Kinyaa chako kinajua kusoma karatasi ya pakiti.

Na mafuta ya kupikia ya kwenye pipa, yale ya duka la barabarani, tunayapikia kila siku. Hakuna anayeuliza pipa lilibeba nini kabla. Nimeyasikia yana harufu ya dizeli. Nimekaanga, nimekula, sikukunja pua, kwa sababu yametoka dukani. Najichukia ninapoliandika hili.

Nimekaribia ninalotaka kusema, vumilia.

Hukumbuki ulipokuwa mdogo, umeanza tu kutembea. Ilikuwa ile miaka ya maduka matupu. Sukari hakuna, mafuta hakuna, nyavu zimechakaa na nyuzi za kuzishonea hazipatikani, kwa hiyo hata samaki wakawa wa shida. Ukapata surua. Surua ikaondoka, wewe ukabaki hivi: nywele nyekundu, uso umevimba, miguu imejaa maji. Nikibonyeza kidole kwenye mguu wako shimo linabaki. Hukulia. Mtoto mgonjwa akilia una tumaini. Wewe ulikaa tu, unatazama. Kliniki wakakutundika kwenye mizani, nesi akanitazama akasema, "Mama, mtoto anahitaji protini. Mpe nyama, mayai, maziwa." Nikamuuliza nitoe wapi. Akasema, "Hata mimi sijui."

Bibi yako ndiye aliyejua. Alikuja akakuchukua kutoka mapajani mwangu, hakuniomba. Akasaga bonge la kungu mpaka likawa unga, akautia kwenye uji wako. Nilisimama mlangoni, Subilaga. Nilisimama pale nimeziba pua na kanga, machozi yananitoka, nawaza, mwanangu analishwa wadudu. Nikatoka nje. Lakini sikumzuia, maana sikuwa na kingine. Yeye alikuwa anakulisha kwa kidole, kidogo kidogo, anakuimbia kwa Kinyakyusa, na ukiutema uji anaukomba kidevuni mwako kwa kidole hicho hicho anaurudisha. Asubuhi, mchana, jioni. Wiki zilikwenda. Siku moja ukalia. Ulilia kwa hasira, unataka zaidi, na bibi yako akacheka kama siku ile ufukweni.

Tuliporudi kliniki mshale wa mizani ulisogea. Kila mwezi ukasogea. Mimi ni mwalimu wa sayansi, najua uzito hautoki mbinguni. Kilichoongezeka kwenye mizani kilitoka mahali, na mahali penyewe ni bakuli lile. Hakukuwa na bakuli lingine.

Mlipofika darasa la sita niliwafundisha tofauti ya mchanganyiko na kitu kilichoungana. Mchele na mawe ni mchanganyiko: unapepeta, unachagua, mawe unayatupa, mchele unabaki mchele. Lakini kuni ikishakuwa majivu na moshi huirudishi. Na chakula kikishakuwa nyama na mfupa hukichagui ukakitoa. Basi sikiliza. Huwezi kujichagua. Huwezi kukaa ukapepeta, hii kungu, hii mimi. Ule mguu uliokuwa unabaki shimo, ambao kesho unauvalia kiatu cheusi kipya, umeundwa na nini? Vidole hivyo viwili vimeundwa na nini? Chembe nyingine zimekuja, nyingine zimeondoka, mwili hauachi kubadilishana. Lakini ulisimama kwa zile. Umekiita chakula cha bibi yako uchafu, na uchafu huo huo ndio uliosema hivyo.

Nimekasirika sana. Nakukasirikia wewe, halafu nikikufikisha mwisho wa hasira najikuta nimesimama mimi mwenyewe pale, nimeziba pua mlangoni. Yeye alikuona unakufa akakuokoa, na shukrani yangu kwake miaka yote imekuwa kupokea chakula chake kwa ncha za vidole. Leo ameiona kwako, na kwako imemuuma, kwa sababu mimi ni mkwe tu, mtu wa juu. Wewe ni kazi ya mikono yake.

Sasa nakupa barua hii leo, ukitoka tu ziwani, si kesho kwenye basi kama mama wengine wanavyofanya. Kesho itakuwa kazi bure. Jua bado liko juu, una muda. Nenda kwa bibi yako. Usivae viatu vipya. Usimpelekee maelezo yako ya Kiswahili cha shule, na usimwambie habari za kaboni, atadhani umechanganyikiwa. Mshukuru kwa lugha yake, "Ndaga," basi, halafu kaa chini karibu yake. Bonge libebe kwenye kiganja, mkono mzima, vidole vyote vitano vimefunga. Likikunukia mkononi mpaka kesho, linuke. Ule mbele yake. Ukiona kichefuchefu, meza. Sikuambii ulipende. Halipendeki, mimi nimejaribu na nakuambia ukweli: ni chungu kidogo, kuna mchanga humo, na linakwama kwenye meno. Lakini linamezeka.

Ukirudi litie sandukuni, toa zile biskuti uwape watoto wa jirani, nao waoge midomo. Huko bwenini likinuka na wenzako wakikunja pua, waeleze la chembe. La vidole usiwafundishe.

Nasikia sauti yako kule kwenye njia, unacheka na mtu. Nafunga.

Utaliona bonge lina pengo upande mmoja, na alama za meno. Si panya.

Mama yako